Chuo Kisimfukuze Anayeomba Msaada: Pombe, Dawa za Kulevya na Vijana wa Vyuo vya Ufundi Muhoroni

Hotuba kwa wazazi, wakufunzi, wanafunzi na viongozi wa mitaa wa Kaunti Ndogo ya Muhoroni



Hapa Muhoroni hakuna haja ya kumweleza mtu pombe inatoka wapi. Muwa ukiingia kiwandani hutoa sukari, hutoa makapi, na hutoa molasi. Kiwanda cha Agro-Chemical and Food Company, kilicho papa hapa mjini, hutumia molasi kutengeneza spiriti na hamira. Hiyo ni kazi halali, inayofanywa kwa vipimo. Lakini molasi, au sukari guru, ikitiwa kwenye pipa kando ya mto, ikaachwa ichachuke na kuchemshwa usiku, hutoka chang'aa. Hiyo hakuna anayeipima. Anayeipika hajui nguvu yake, na anayeinywa hajui kilichoongezwa ndani.

Kijana anayesoma uashi, umeme, ushonaji au uchomeleaji vyuma katika eneo hili hupita karibu na pipa hilo akienda chuoni na akirudi. Wengine wamezaliwa katika nyumba ambazo karo ililipwa kwa pesa za pipa hilo. Kwa hivyo suala la pombe na dawa za kulevya vyuoni haliwezi kujadiliwa kana kwamba ni jambo lililotoka mbali.

Hotuba hii inaleta hoja moja. Kila chuo cha ufundi kinahitaji sera ya maandishi kuhusu pombe na dawa za kulevya, na sera hiyo iwe na sehemu mbili zenye uzito sawa: ya kwanza kuzuia, ya pili kumsaidia aliyekwisha kunaswa apone huku akiendelea na masomo. Sera yenye sehemu ya kwanza peke yake humtoa kijana langoni na kumkabidhi kwa mpishi wa chang'aa.

Ukubwa wa tatizo

Mwaka wa 2022, Mamlaka ya Kitaifa ya Kupambana na Matumizi Mabaya ya Pombe na Dawa za Kulevya, NACADA, ilifanya utafiti nchi nzima. Matokeo yalionyesha kwamba kati ya Wakenya sita wenye umri wa miaka 15 hadi 65, mmoja anatumia angalau aina moja ya kileo au dawa ya kulevya. Hao ni zaidi ya watu milioni 4.7. Wanaotumia pombe ni mmoja kati ya wanane, yaani takriban milioni 3.2. Wanaotumia bangi ni mmoja kati ya 53, na idadi yao ilikuwa imekaribia kuongezeka maradufu katika miaka mitano. Umri mdogo kabisa wa kuanza pombe uliorekodiwa katika utafiti huo ulikuwa miaka saba.

Wazazi watafakari hiyo saba. Mtoto wa miaka saba hajaenda baa. Ametumwa dukani, ameonjeshwa nyumbani, au amemaliza kilichobaki kwenye kikombe cha mkubwa. Anapofika chuo cha ufundi akiwa na miaka 17 au 19, huenda ameishi na pombe kwa miaka kumi. Mkufunzi anayemwona amelewa kwa mara ya kwanza anadhani tabia imeanza jana.

Kaunti imeshika funguo tatu

Wananchi wengi huuliza jambo hili ni la nani: la Nairobi, la polisi au la kaunti. Jibu liko katika Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, sehemu ya pili, inayotaja kazi za kaunti. Huko zimetajwa huduma za afya za kaunti. Zimetajwa leseni za vileo. Zimetajwa vyuo anuwai vya vijijini, ambavyo leo huitwa vyuo vya mafunzo ya ufundi. Na udhibiti wa dawa za kulevya umetajwa pia katika orodha hiyohiyo.

Maana yake ni kwamba serikali inayosimamia chuo cha ufundi cha kijijini ndiyo inayotoa leseni ya baa iliyo karibu nacho, na ndiyo inayoendesha zahanati na hospitali ambako kijana aliyenaswa anapaswa kupelekwa. Funguo zote tatu ziko katika mkono mmoja. Polisi na mahakama ni za serikali ya kitaifa, na zina kazi yao. Lakini leseni, chuo na hospitali zikizungumza lugha moja, mengi yatafanyika kabla kijana hajafika kwa polisi.

Muhoroni ina ugumu wake wa ziada. Inapakana na Kericho na Nandi. Baa ikifungwa upande huu, mnywaji anaweza kuvuka mpaka kwa bodaboda katika muda mfupi. Ndiyo maana kazi ya chuo haiwezi kuishia kwenye kufunga milango ya wauzaji. Ni lazima imfikie kijana mwenyewe.

Sheria inasema nini

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi huiita sheria ya Mututho, inakataza kumuuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18. Inataka mahali pa kuuzia pombe pawe umbali wa mita 300 au zaidi kutoka taasisi yoyote ya elimu yenye wanafunzi wa chini ya umri huo. Wapo wanafunzi wanaojiunga na vyuo vya ufundi kabla ya kufikisha 18, kwa hivyo kipimo hicho cha mita 300 si cha shule za msingi na sekondari pekee. Sheria hiyo pia ilipanga kwamba siku za kazi baa ifunguliwe kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku. Baa inayomhudumia mwanafunzi saa nne asubuhi inavunja sheria, hata kama mwanafunzi huyo ana kitambulisho.

Kuhusu chang'aa, wengi hawajui historia yake. Mwaka wa 1980 Bunge lilipitisha sheria ya kuipiga marufuku kabisa. Sheria hiyo ilidumu miaka 30, na katika miaka yote hiyo chang'aa ilipikwa. Sheria ya 2010 iliifuta ile ya zamani na kuruhusu chang'aa itengenezwe na mwenye leseni, kwa viwango, na kuuzwa katika chupa. Ile ya pipa na mtungi ilibaki kuwa haramu. Somo la miaka hiyo 30 ni kwamba marufuku peke yake haimalizi pombe.

Bangi ni haramu chini ya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994. Sigara na tumbaku ya kutafuna haziruhusiwi kuuziwa aliye chini ya miaka 18, kwa sheria ya mwaka 2007. Miraa ni zao halali, lakini chuo kina haki ya kuikataza ndani ya lango lake. Sera ya chuo itofautishe mambo haya, ili kijana aliyetafuna miraa asichukuliwe sawa na anayeuza bangi bwenini.

Julai 2025 serikali ya kitaifa ilizindua sera mpya inayopendekeza umri wa kununua pombe upandishwe hadi miaka 21. Sera si sheria mpaka Bunge lipitishe. Hata hivyo pendekezo hilo linagusa moja kwa moja umri wa wanafunzi wengi wa vyuo, na wananchi wana haki ya kutoa maoni yao.

Kufukuza kunaleta nini

Fikirieni kijana wa miaka 19 anayesomea uchomeleaji. Amebakisha miezi minne afanye mtihani wa NITA wa daraja la tatu. Jumatatu moja anaingia karakana mkono ukitetemeka na mdomo ukinuka. Mkufunzi anamtoa nje. Jumatano anaitwa ofisini, anapewa barua, anaambiwa arudi nyumbani. Hakuna aliyemuuliza alianza lini, anakunywa kiasi gani, wala nini hutokea asipokunywa.

Chuo kimepata utulivu. Lakini kijana amepoteza nini? Amepoteza ratiba ya siku, yaani sababu ya kuamka akiwa timamu. Amepoteza mkufunzi aliyekuwa anamjua kwa jina. Amepoteza cheti ambacho kingempa kazi ya jua kali au ya kiwandani. Kilichobaki ni siku ndefu, aibu mbele ya mama yake, na wenzake walioko kwa mpishi tangu asubuhi. Hao hawatamfukuza.

Wakufunzi nao wana hoja yao, na ni ya kweli. Karakana ina grainda, ina umeme, ina mitungi ya gesi. Mtu mmoja aliyelewa anaweza kumkata mwenzake kidole au kuwasha moto. Mzazi wa mwanafunzi asiyekunywa ana haki ya kudai mwanawe awe salama. Kwa hivyo hakuna anayesema ulevi uvumiliwe karakanani. Swali ni kinachofuata baada ya kumtoa kwenye mashine: je, anatolewa kwenye mashine tu, au anatolewa kwenye maisha ya chuo yote?

Kisheria pia, mambo yamebadilika. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yanamhesabu mtu aliyethibitishwa na mtaalamu kuwa na uraibu wa pombe au dawa miongoni mwa wagonjwa wa akili wanaostahili huduma. Hakuna chuo kinachomfukuza mwanafunzi kwa kuugua kifua kikuu. Kinamtenga na wenzake kwa muda inapobidi, kinahakikisha anatibiwa, kisha kinamrudisha darasani.

Sera nzuri iseme nini

Kwanza, usalama. Mtu yeyote aliyelewa hagusi mashine, awe mwanafunzi au mkufunzi. Lakini pia hapakiwi kwenye bodaboda na kuachwa aende zake. Anakaa mahali salama chini ya uangalizi mpaka mzazi au mlezi afike, na akizimia au akishindwa kuamshwa anapelekwa hospitali mara moja.

Pili, anayejileta mwenyewe asiadhibiwe. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika sera. Mwanafunzi akimwendea mkufunzi na kusema, "Mwalimu, nimeshindwa kuacha," kabla hajakamatwa na mtu, maneno hayo yasigeuzwe ushahidi dhidi yake. Chuo kikimwadhibu wa kwanza aliyesema ukweli, wa pili hatasema. Jibu linalofaa ni fupi: "Umefanya vyema kuja. Keti, tuone la kufanya leo."

Tatu, kuwe na ngazi. Hatua ya kwanza iwe mazungumzo ya faragha na mshauri nasaha. Kuna dodoso la Shirika la Afya Duniani liitwalo AUDIT, lenye maswali kumi kuhusu unywaji wa pombe. Alama zake huanzia 0 hadi 40, na anayepata 8 au zaidi anahitaji kushauriwa kwa makini. Halihitaji mashine wala maabara, na mkufunzi aliyefunzwa anaweza kulitumia kwa dakika chache. Hatua ya pili iwe kumwita mzazi na kuandika makubaliano: atahudhuria kikao gani, nani atamfuatilia, lini hali itaangaliwa upya. Hatua ya tatu, kwa aliyezidiwa, iwe likizo ya matibabu yenye tarehe ya kurudi, nafasi yake ikiwa imehifadhiwa. Kufukuzwa kubaki mwisho kabisa, na hata hapo mwanafunzi asikilizwe kwanza na apewe sababu kwa maandishi. Hiyo si hisani. Ibara ya 47 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa utaratibu wa haki na ofisi za umma.

Nne, siri. Habari za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kumtaja mwanafunzi gwarideni kuwa mlevi, au kubandika jina lake kwenye ubao, kunavunja imani ya wote waliosimama hapo wakisikiliza. Wanaopaswa kujua ni wale wanaomsaidia.

Tano, anayeuza asichanganywe na anayeugua. Mtu anayeingiza bangi au chang'aa chuoni kwa biashara anahusu polisi. Mara nyingine muuzaji mdogo naye ni mraibu anayetafuta pesa ya kipimo chake, na hilo lisemwe linapojulikana, lakini biashara yenyewe isifumbiwe macho.

Sita, sera iwahusu wakufunzi na wafanyakazi pia. Mwanafunzi akimwona mkufunzi wake baa ileile anayokatazwa, au akinusa pombe darasani kutoka kwa anayemkanya, sera yote inakuwa karatasi tupu. Na mkufunzi aliyenaswa apewe mlango uleule wa msaada.

Mambo mawili ya hospitali yasiyostahili kungoja

Wapo wazazi wanaomfungia kijana ndani ya nyumba ili aache pombe kwa nguvu. Nia yao ni njema, lakini njia hiyo inaweza kuua. Mtu aliyekuwa akinywa sana kila siku akikatizwa ghafla, mwili hushtuka. Katika saa za mwanzo hutetemeka, hutoka jasho, hushindwa kulala na kutapika. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kupata kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, huona vitu visivyokuwapo, na moyo hupiga mbio. Hali hiyo hutibika hospitalini kwa dawa zinazotolewa kwa kipimo na wahudumu wa afya. Nyumbani haitibiki. Kwa hivyo anayekunywa kila siku asikatizwe pombe bila kwanza kuonwa na mhudumu wa afya.

Jambo la pili ni pombe yenye sumu ya methano. Mei 2014 pombe ya aina hiyo iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu, na wengine walipofuka. Februari 2024 watu zaidi ya kumi walifariki baada ya kunywa pombe haramu katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga. Methano haina rangi, na kwa kuonja mtu hawezi kuitambua. Dalili huweza kuchelewa kwa saa 12 hadi 24: kichwa kuuma, tumbo kuuma, kutapika, kupumua kwa shida, na macho kuona ukungu. Watu hudhani ni uchovu wa pombe ya jana, wakamwacha mgonjwa alale. Anayelalamika kwamba haoni vizuri baada ya kunywa asilazwe. Apelekwe hospitali, na wote waliokunywa pamoja naye wapelekwe vilevile, hata kama bado wanatembea.

Rafiki wa mgonjwa mara nyingi huogopa kusema walikunywa wapi, kwa sababu anaogopa kukamatwa au kufukuzwa chuo. Hapa pia sera inaweza kuokoa uhai. Iandikwe wazi kwamba mwanafunzi anayeita msaada kwa ajili ya mwenzake haadhibiwi kwa kuwa naye alikunywa.

Kupona kunavyofanyika

Baada ya hospitali, kazi ndefu huanza. Wengi hudhani kupona ni lazima kwenda kituo cha kurekebisha tabia kwa miezi mitatu, na kwa kuwa gharama ni kubwa, familia hukata tamaa kabla ya kuanza. Kuna wanaohitaji kituo. Lakini si wote, na kuna njia nyingine zilizojaribiwa karibu na hapa.

Huko Eldoret, watafiti walioshirikiana na mpango wa afya wa AMPATH waliwafunza watu wasio wataalamu wa saikolojia waendeshe vikao vya vikundi kwa Kiswahili. Waliohudhuria walikuwa wagonjwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi ambao pia walikuwa wakinywa. Vikao vilikuwa sita, kimoja kila juma. Wanavikundi walijifunza kutambua saa na mahali panapowavuta kunywa, jinsi ya kukataa wakikaribishwa, na la kufanya siku ya huzuni au siku ya pesa. Matokeo ya utafiti mkubwa uliohusisha watu 614 yalichapishwa mwaka wa 2021, na yalionyesha kwamba waliopitia vikao hivyo walipunguza unywaji kuliko wale waliofunzwa afya kwa jumla.

Chuo cha ufundi hakihitaji kungoja daktari bingwa wa akili ahamie Muhoroni. Kinahitaji chumba kimoja, saa moja kwa juma, na wakufunzi wawili au watatu waliofunzwa vizuri, wakisimamiwa na wataalamu wa hospitali ya kaunti. Kinahitaji pia ratiba isiyomlazimisha kijana kuchagua kati ya kikao na mtihani. Na wakiwepo wanafunzi waliokwisha kupona, wapewe nafasi ya kukaa na wanaoanza. Ndivyo kilivyoanza chama cha Alcoholics Anonymous huko Akron, Marekani, mwaka wa 1935: walevi wawili walikaa wakazungumza, wakagundua kwamba kumsaidia mwingine kulimsaidia kila mmoja wao kubaki bila kunywa. Leo vikundi vyake viko hapa Kenya pia.

Kijana atateleza. Hilo lisemwe mapema ili lisiwashangaze wazazi. Mgonjwa wa shinikizo la damu akiacha dawa wiki mbili, presha hupanda, na daktari hamwambii aende zake kwa kuwa ameshindwa. Hurudishwa kwenye dawa, huulizwa kilichotokea, mpango hurekebishwa. Uraibu ni hivyohivyo. Aliyekaa miezi mitatu bila kunywa kisha akanywa siku moja kwenye matanga hajarudi mwanzo. Ana miezi mitatu ya ujuzi ambayo hakuwa nayo zamani. Kinachoamua ni kama siku ya pili yake atakuwa na mahali pa kwenda kusema.

Chuo kina dawa moja ambayo hospitali haina: kazi ya mikono. Kijana akiona mlango wa chuma aliouchomelea mwenyewe ukining'inizwa kwenye nyumba ya mtu, anapata jibu kwa swali la atakuwa nani bila pombe. Ndiyo sababu kumtoa chuoni wakati anapohitaji kupona ni kumnyang'anya tiba.

Wazazi na mitaa wafanye nini

Vijana wengi wa upande huu hunywa kwa mara ya kwanza usiku wa disko matanga. Wakubwa huchanga pesa, muziki hukesha, na hakuna anayehesabu umri wa walio gizani. Familia yenye msiba inaweza kuamua kwamba vijana wataondoka mapema, na wazee wa mitaa waisaidie kusimamia uamuzi huo. Marehemu hapungukiwi heshima kwa hilo.

Leseni ya baa haitolewi gizani. Ombi likitangazwa, wakazi wana haki ya kulipinga mbele ya kamati, wakieleza umbali kutoka chuoni au shuleni na usumbufu unaotarajiwa. Malalamiko ya barazani ni mazuri, lakini barua yenye sahihi za wakazi, ikifika kwa kamati kabla ya kikao, ina uzito zaidi.

Wazazi waulize chuo cha watoto wao swali moja mwanzoni mwa muhula: "Mwanangu akija kwenu aseme ameshindwa na pombe, mtafanya nini?" Chuo chenye sera kitajibu papo hapo na kutaja mtu na chumba. Kisichokuwa nayo kitasema kitaangalia. Hapo ndipo pa kuanzia kazi pamoja na bodi ya usimamizi.

Nyumbani, mzazi anayegundua asianze na kipigo wala na mkutano wa ukoo. Achague asubuhi kijana akiwa timamu, waketi wawili, amweleze alichokiona bila kumwita mlevi, amuulize kinachomsumbua, kisha waende pamoja zahanati. Mama asiende peke yake ikiwa baba yupo. Kijana akiwaona wote wawili kwenye benchi la zahanati, anaelewa kwamba bado ni mtoto wa nyumba hiyo.

NACADA ina nambari ya simu ya msaada, 1192. Haitozwi pesa, na inapokea simu mchana na usiku. Anayepiga si lazima awe mraibu. Mzazi, mkufunzi au rafiki anaweza kupiga na kuuliza la kufanya. Nambari hiyo iandikwe kwenye mlango wa kila karakana, kila bweni na kila choo cha chuo, mahali ambapo mtu anaweza kuisoma bila kutazamwa.

Mabibi na mabwana, turudi kwa yule kijana wa uchomeleaji. Jumatatu ileile, mkono uleule ukitetemeka. Mkufunzi anamtoa kwenye mashine, kama ilivyo lazima. Lakini badala ya barua, anapelekwa kwenye chumba cha ushauri. Anaulizwa maswali kumi. Jioni mama yake anafika, na kesho yake wanaenda hospitali. Anakaa nje wiki tatu, kisha anarudi, na kila Alhamisi anahudhuria kikao. Anateleza mara moja, anasema mwenyewe. Miezi minne inageuka kuwa saba. Anafanya mtihani akiwa amechelewa, lakini anaufanya.

Tofauti kati ya kijana huyo na yule aliyepewa barua haikutokana na bidii yao wala malezi yao. Ilitokana na karatasi chache ambazo bodi ya chuo iliketi na kuziandika mapema, kabla ya Jumatatu hiyo kufika. Bodi ambazo hazijaandika, muhula huu ndio wakati.